Mjomba Aliyeturuhusu Kuandika "Sijui"

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kulitumikia shirika letu la maji, Mkuu wa Kitengo cha Data na Kumbukumbu anarudisha kitambulisho chake cha kazi na kwenda nyumbani. Jina lake kamili litakuwa kwenye cheti atakachokabidhiwa ukumbini, na nina hakika wengi wenu mtalisoma kwa mara ya kwanza. Humu ndani, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi Mkuu, anaitwa Mjomba. Siku aliyoripoti kazini, mpwa wake alikuwa ameshaajiriwa pale mapokezi. Alipomwona tu akapiga kelele "Mjomba!" mbele ya foleni nzima ya wateja, na basi, ikawa imetoka hiyo. Mpwa aliolewa akahama zamani. Ujomba umebaki kwetu sote.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi kwa kuwa meza yangu inatazamana na yake, na nimevumilia miaka mingi redio yake ndogo isiyoshika stesheni na tabia yake ya kula karanga juu ya kibodi. Niliambiwa niandike ukurasa mmoja wenye heshima. Heshima nitajitahidi. Ukurasa mmoja, tusidanganyane.

Wapo watakaouliza, mtu wa data anaagwa kwa lipi hasa? Kwa fundi bomba tunaonyesha bomba alilolaza. Kwa dereva tunaonyesha gari. Mjomba ameacha nini cha kushikika? Kwa kweli ameacha neno moja tu, neno fupi, na tulitumia miaka kulizoea. Wiki chache kabla ya siku yake ya mwisho neno hilo lilikuwa karibu kufutwa, na sisi tulio karibu naye tulimwona akikonda, kwa sababu likifutwa kuna watu watakaokatiwa maji bila kosa. Nitafika huko. Kwanza mbwa.

Mjomba alianza kama msoma mita. Enzi hizo msoma mita alikuwa mtu wa miguu, kalamu sikioni na fimbo mkononi. Alipita nyumba kwa nyumba, akichungulia visanduku vilivyojaa matope na buibui, akiandika namba kwenye kadi ngumu. Mbwa wa mji huu walimzoea vibaya. Walishika muda wake kuliko msimamizi wake. Suruali zake za kazi zilikuwa na viraka sehemu ambazo siwezi kuzitaja kwenye kijarida cha wafanyakazi, na mkewe, ambaye ofisi nzima tunamwita Shangazi ingawa hesabu ya ukoo haikubali kabisa, anasema alifikia mahali akawa anashona kiraka kabla suruali haijachanika, ili kuokoa muda.

Goti lilipoanza kumsumbua, wakubwa wakamwonea huruma wakamleta ndani, chumba cha kadi, nyuma ya stoo ya mabomba. Nyie mliokuja juzi hamkukiona chumba kile. Dirisha moja, linatazama jenereta. Likiwashwa, unaongea kwa mikono. Makabati ya bati yamejipanga mpaka darini, droo hazifunguki mpaka uzipige teke, na ndani yake kadi za kila nyumba yenye mita. Anwani zenyewe sasa! "Nyumba ya geti jekundu, mkabala na fundi cherehani." Fundi cherehani kahama. Geti limepigwa rangi ya bluu. Hapo mtaa mzima umepotea, na mwenye kuujua ni msoma mita mmoja tu, naye yuko likizo.

Mjomba alichofanya ni kutoka tena na goti lake bovu, safari hii na kopo la rangi na brashi, akaandika namba juu ya kisanduku cha kila mita, na namba ileile kwenye kadi yake. Mtu akihama, namba inabaki. Geti likipakwa rangi, namba inabaki. Ilimchukua msimu mzima wa mvua na sehemu ya kiangazi. Watoto wa mitaani walidhani anahesabu nyumba za kubomolewa, na kuna bibi mmoja alimkimbiza na ufagio. Kompyuta zilipokuja baadaye, shirika jirani lilihangaika miaka mitatu kuzijaza. Sisi tulikuwa na namba tayari, tukazijaza tu. Huo ndio msingi tulioujengea kila kitu tulicho nacho leo, kopo la rangi.

Mkutano wa wateja mnaukumbuka? Wa zamani mnaukumbuka. Mkurugenzi wa wakati ule aliuliza swali la adabu tu, jepesi, kabla ya chai: tuna wateja wangapi? Mkuu wa Mauzo akataja namba. Mkuu wa Ufundi akataja namba nyingine, kubwa kuliko ile. Mkuu wa Malalamiko akaja na ya tatu, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote mbili zikijumlishwa. Kila mmoja akaapa. Sauti zikapanda. Mmoja wao, sitamtaja maana bado yupo na ana mdomo, akamwambia mwenzake kwamba amekariri namba ya mwaka juzi. Mjomba alikuwa pembeni anaandika muhtasari. Akanyanyua mkono, akauliza kwani mteja ni nani. Watu wakacheka. Halafu wakaanza kujibu, na kicheko kikakata. Kumbe Mauzo wanahesabu watu waliosaini mkataba, Ufundi wanahesabu mita, na Malalamiko wanahesabu kila aliyewahi kupiga simu, hata kama ni yuleyule aliyepiga mara saba akilia kuhusu bomba moja. Ghorofa moja lenye familia kumi na mita moja lilikuwa mteja mmoja, wateja kumi, au vita, kutegemea umemuuliza nani.

Chai ilipoa siku ile. Lakini tulitoka na maana moja ya neno mteja, ikaandikwa, ikabandikwa ukutani, na ipo mpaka leo karibu na mtungi wa kuzimia moto. Mkuu wa Malalamiko wa sasa bado haikubali, ila anaifuata. Mjomba husema hiyo inatosha, kwamba yeye hakutaka tupendane, alitaka tukihesabu tuwe tunahesabu kitu kimoja.

Niseme na utani wake mmoja uliotutesa. Kila mwanzo wa wiki alipita kwenye mashine za watu kutafuta mafaili yanayofanana. Alikuta ripoti moja imehifadhiwa mara sita, na majina yake yalikuwa "mwisho", "mwisho mpya", "mwisho kabisa", "mwisho hii ndiyo", "mwisho mkurugenzi asione", na ya sita, ya mhasibu wetu mcha Mungu, "mwisho wallahi". Aliyachapisha majina hayo kwa herufi kubwa akayabandika mlangoni bila kutaja mwenye nayo. Mhasibu alikaa siku mbili hapitii mlango ule. Tangu hapo faili lina tarehe na lina mahali pamoja pa kukaa, na anayetaka nakala anaijua njia.

Na lile la fundi bomba na dada wa mtaa wa juu. Fundi alikwenda kuziba bomba linalovuja, akarudi yeye ndiye anavuja. Alimpenda binti wa nyumba ile, akaja kwa Mjomba kuomba namba yake ya simu kutoka kwenye mfumo. Si namba ya mita, namba ya binti. Mjomba akamwambia namba ile mwenyewe alitupa ili tumwambie maji yakikatika, hakutupa ili tumtafutie mchumba. Fundi akabembeleza, akaleta soda, akanuna. Mjomba hakulegea. Akamshauri avae shati safi aende akagonge geti ajitambulishe kama binadamu wengine. Kijana akaenda. Sasa hivi wana watoto watatu, na kadi ya mwaliko wa harusi ile ipo kwenye droo ya Mjomba mpaka leo. Alikataa vilevile bosi mmoja mkubwa, si wa hapa, aliyepiga simu kutaka kujua mpangaji wake anatumia maji kiasi gani ili ajue kama ameleta ndugu. Huyo hakupewa hata ushauri wa shati.

Sasa nieleze jambo la wenyewe, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea mwezi uliopita. Mjomba aliona kwamba kila kitu kikiharibika watu wanakimbilia kitengo chetu: namba mbaya, ni data, ramani imekosewa, ni data. Akakataa. Alikwenda idara kwa idara akitafuta mwenyewe wa kila taarifa. Si mwenyewe wa jina, mwenyewe wa kujibu. Ramani za mabomba, wenyewe ni Ufundi. Mikataba, Mauzo. Sisi wa kitengo ni walinzi tu, tunafunga mlango na kuangalia nani kaingia, lakini hakuna kinachobadilishwa wala kukubaliwa bila mwenyewe kusaini. Mnaweza kudhani watu walifurahi kupewa mali. Weee! Walikimbia kama wanapewa mtoto mchafu wa kumwogesha. Kila mmoja alikuwa anataka kuitumia data, hakuna aliyetaka kuitwa baba yake.

Aliyekataa kwa nguvu zaidi ni Mkuu wa Wasoma Mita, mama tunayemwita Kamanda. Wanaomfahamu wanajua hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Kamanda alisema wasoma mita wake wanatembea juani na kung'atwa na mbwa, na sasa juu ya hapo wabebeshwe makaratasi ya Mjomba. Walirushiana maneno kwenye korido mpaka watu wa ghorofa ya juu wakashuka kuangalia. Mwishowe alisaini kuwa mwenyewe wa usomaji wa mita, akaitupa kalamu mezani, na kwa muda mrefu salamu yao ilikuwa kikohozi.

Halafu likaja kosa. Naliandika kwa sababu Mjomba mwenyewe amesisitiza liandikwe, la sivyo amesema hatakuja kwenye sherehe yake.

Mjomba alikuwa anachukia nafasi tupu. Akiona jedwali lina shimo, anajikuna kichwa kama ana upele. Wasoma mita walipopewa simu za kazi badala ya kadi, yeye ndiye aliyetaka zipangwe hivi: ukiacha sehemu ya uniti tupu, simu inagoma, huwezi kwenda nyumba inayofuata. Alifurahi sana. Mwezi wa kwanza ripoti ilitoka imejaa, safi, haina shimo hata moja. Alitununulia maandazi.

Sasa jiweke mahali pa msoma mita. Geti limefungwa, ndani kuna mbwa mwenye hasira, jua linawaka, na simu haikuruhusu kuondoka bila namba. Utaandika nini? Waliandika sifuri. Hawakuwa wanadanganya, kwa wao sifuri ilikuwa na maana ya "nimefika, sikuingia". Wote walielewana hivyo, hata bila kuambiana. Ila huku ofisini hakuna aliyeijua lugha hiyo. Sisi sifuri tuliisoma sifuri: nyumba hii haitumii maji. Miezi ikapita, na nyumba za geti gumu zikawa zinaonekana kwenye skrini kama magofu. Wakubwa wakasema nyumba zisizo na watu zinavujisha maji bure, zifungiwe maji. Amri ikatoka, mafundi wakaenda wakafunga.

Kwenye nyumba mojawapo walikuwa wanaishi mzee aliyepooza na mkewe. Binti yao anakaa mbali, hupita kuwaona mara mojamoja. Alipofika aliwakuta hawana maji kwa siku kadhaa. Mama anachota kwa jirani kwa kikombe na sufuria kwa sababu hana nguvu ya kubeba ndoo, na baba hajaogeshwa. Dada yule alikuja hapa na madumu matupu mawili akayabamiza juu ya dawati la wateja. Hakutukana. Aliuliza tu tumewafanyia nini wazazi wake.

Mjomba alikwenda naye palepale. Fundi alikuwa anahangaika na valvu iliyoshika kutu, na wakati akihangaika Mjomba alichota kwa jirani kwa ndoo, na goti lile, akajaza pipa, akachemsha ya kumwogeshea mzee. Yule bibi alimshukuru, akamtafutia kiti. Kisha akamuuliza, kwa upole kabisa, mlijuaje kwamba hatupo?

Mjomba alirudi ofisini akakaa mbele ya kompyuta na koti likiwa limelowa, hakuwasha redio. Siku iliyofuata alisimama mbele ya menejimenti nzima akasema wasoma mita hawana kosa, mafundi hawana kosa, kosa ni lake yeye. Aliwalazimisha watu waseme kitu wasichokijua, wakasema. Alilia, na kwa mara ya kwanza Kamanda alimtazama bila kukohoa.

Baada ya hapo ndipo lilipoingia lile neno. Kwenye simu ya kazi, chini ya sehemu ya uniti, pakawekwa kitufe kimeandikwa "Sijui". Ukikibonyeza unaulizwa kwa nini: geti limefungwa, mbwa, mita haisomeki, au sikufika. Hilo la mwisho ndilo watu waliliogopa. Nani atakiri mwenyewe kwamba hakufika? Mjomba akapigania kanuni mbili mpaka zikapitishwa. Hakuna anayeadhibiwa kwa kuandika sijui. Anayeadhibiwa ni anayeandika asichokiona. Na hakuna nyumba inayofungiwa maji kwa kutegemea namba ambayo hakuna mtu aliyeisoma kwa macho yake.

Jamani, mwezi wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Sijui zilikuwa nyingi mpaka Mkurugenzi alidhani simu zimeharibika. Mtaa wa juu karibu wote ulikuwa sijui. Lakini ndiyo ilikuwa picha yetu halisi, na kwa kuwa tuliiona tukaanza kuifanyia kazi. Ikaonekana wenye mageti ya kufungwa wapo nyumbani Jumamosi, ratiba ikahamia Jumamosi. Ikaonekana mbwa ni walewale, mita zao zikahamishiwa nje ya ukuta. Sijui zikapungua moja moja, kwa haki. Haziishi, na Mjomba hakutaka ziishe. Siku sijui zikiisha kabisa, alituambia, mjue kuna mtu anadanganya.

Hasara ilikuwa ya Kamanda. Kila mwisho wa mwezi jumla ya sijui ilibandikwa ubaoni chini ya jina la idara yake, na idara nyingine zikawa zinampiga madongo kwenye foleni ya chakula. Hakuwahi kuficha kwamba anauchukia ule ubao.

Mwaka huu, kama mjuavyo, shirika limenunua mfumo mpya. Ni mfumo mzuri, sina ugomvi nao, na wataalamu walioufunga ni watu waungwana. Ila una kawaida yake: ukikuta nafasi haina namba, unajaza wenyewe kwa wastani wa miezi iliyopita, na ukishajaza huwezi kujua ipi imesomwa na ipi imekisiwa. Bodi ilikuwa inakuja kwenye uzinduzi, na Mkurugenzi alitaka ukurasa uliojaa, usio na mashimo. Mjomba alimweleza. Mkurugenzi alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwambia kwamba yeye anaondoka, hili awaachie wanaobaki.

Maneno yale yalimchoma, na kilichomchoma zaidi ni kwamba yalikuwa ya haki. Kitengo alishakikabidhi kwa mrithi wake. Usomaji wa mita haukuwa wake, kwa kanuni aliyoiandika yeye mwenyewe. Saini iliyotakiwa ilikuwa ya Kamanda. Na Kamanda alikuwa na kila sababu ya kusaini: mfumo ukijaza wenyewe, ubao unaondoka, madongo yanakwisha, idara yake inapanda kutoka mkiani hadi kileleni kwa siku moja. Nilimwambia Mjomba aende akamwombe. Hakutaka. Alisema akimbembeleza, itakuwa saini ya Mjomba kwa mkono wa mtu mwingine, na yeye akishaondoka itafutika. Haki ya nani nilimwona mkaidi. Ila usiku alikuwa hapati usingizi, Shangazi aliniambia.

Siku ya mkutano mimi ndiye nilikuwa naandika muhtasari. Mjomba hakualikwa, akaja hivyohivyo akakaa kwenye benchi la korido, karibu na ule mtungi wetu wa maji ya kunywa ambao, sisi watu wa maji, tumeshindwa kuuziba usivuje. Nilikuwa namwona kupitia kioo cha mlango, mikono katikati ya magoti.

Karatasi ikasogezwa mbele ya Kamanda. Akaisoma yote, taratibu. Akasema neno lile amelichukia miaka yote, na ubao ule angekuwa na nyundo angeuvunja. Kisha akasema kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukisikia kutoka kwake. Amri ya kufunga nyumba za sifuri wakati ule ilipita mezani kwake pia, naye alisaini. Aliona sifuri, akaamini, akasaini. Yule mzee aliyepooza alimfahamu, alikuwa jirani wa dada yake. Ameshasaini mara moja namba ambayo hakuna mtu aliyeisoma, akasema, na hasaini ya pili. Mfumo ukijaza, ujaze, ila pembeni ya kila ulichojaza iandikwe kwamba hatujui na kwa nini, na nyumba isiguswe. Vinginevyo bodi ije ione ukurasa mtupu.

Mkurugenzi alimtazama, akatutazama sisi. Akaniuliza mimi kanuni inasemaje. Nikamsomea: asiposaini mwenyewe, hakipiti. Akashusha pumzi, akawauliza wataalamu marekebisho hayo yatachukua muda gani. Wakasema wiki mbili. Akasogeza uzinduzi mbele wiki mbili, na ninamshukuru hapa hadharani, kwa sababu hakulazimika kuwa muungwana namna ile.

Kamanda akatoka wa kwanza. Mjomba akasimama, uso umekauka, hathubutu kuuliza. Kamanda akamwambia anazuia njia. Akamwambia neno linabaki, limeshaamuliwa, wala yeye hakuhitajika. Aache kukaa kwenye mabenchi ya watu, aende nyumbani kwa mke wake. Mjomba akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na Kamanda, Kamanda huyuhuyu tunayemjua, akamshika bega wakasimama hivyo katikati ya korido huku watu wakipita pembeni na mafaili yao.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Mjomba, tunakushukuru. Asante kwa kopo la rangi. Asante kwa kutukatalia tulipoomba tusivyostahili kuona. Asante kwa kosa lako, na kwa ulivyolibeba. Shangazi, asante kwa viraka, na pole kwa miaka tuliyomchelewesha kurudi. Sasa ni wako, redio na karanga zake vyote. Tunawatakia afya, utulivu, na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Tutakukumbuka sana, Mjomba. Tutapita kukusalimu, tutakuletea habari za watoto wa fundi bomba. Ila kuhusu kazi simu hatutakupigia.